Uwindaji wa bata kwa bata bandia

Uwindaji wa bata kwa bata bandia ni njia ya kuwinda bata wa mwitu ambapo mwindaji hutandaza juu ya maji sanamu zinazoelea zenye umbo na rangi ya bata, kisha hujificha karibu nazo akisubiri bata halisi washuke. Njia hii ni ya kale sana huko Amerika ya Kaskazini. Ilifikia kilele chake katika Hori ya Chesapeake, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani kati ya majimbo ya Maryland na Virginia, na pia katika maziwa makubwa yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada.

Bata bandia si chambo. Chambo ni chakula, kwa mfano mahindi au ngano, kinachomwagwa majini ili ndege wazoee mahali fulani. Bata bandia haliwi wala haliliki. Kazi yake ni kuonekana tu. Tofauti hii si ya maneno peke yake, kwa sababu sheria ya Marekani inaruhusu bata bandia na imepiga marufuku kuwinda ndege wa maji kwa chambo tangu mwaka 1935.

Kwa nini bata hudanganyika

Nje ya majira ya kuzaliana bata wengi huishi katika makundi. Bata anayeruka juu ya maji asiyoyajua hana njia rahisi ya kujua kama kuna chakula chini au adui pembeni. Ila akiona wenzake wametulia, wamekunja shingo na wameelekea upande mmoja, anapata majibu ya maswali yote mawili kwa mara moja: hapa kuna chakula na hapa ni salama. Mwindaji hutumia vibaya imani hiyo.

Macho ya bata ni makali. Yako pande mbili za kichwa, hivyo ndege huona karibu pande zote bila kugeuka, na huona rangi vizuri. Kinachomshtua zaidi ni mwendo. Uso wa binadamu unaoinuka kutazama juu hung'aa kama sahani, na kundi zima hugeuka likiwa bado mbali. Kwa hiyo wawindaji wazoefu hutazama kwa macho tu bila kuinua kichwa, na wengi hufunika uso kwa kitambaa au kujipaka masizi.

Bata wachovyaji na bata wapigambizi

Si kila bata huwindwa katika maji wazi. Bata wachovyaji hula kwa kuinamisha kichwa huku mkia ukibaki juu, kwa hiyo hupenda madimbwi, vinamasi na kingo za mito zenye kina kifupi. Wakitishwa huruka moja kwa moja kwenda juu. Mwindaji wao hujificha kwenye matete.

Bata wapigambizi, hasa wale wa jenasi Aythya, huzama mita kadhaa kutafuta mizizi, konokono na chaza wadogo. Miguu yao iko nyuma ya mwili, jambo linalowafaa wakiwa chini ya maji na kuwasumbua wakiwa nchi kavu. Mabawa yao ni mafupi kulingana na uzito wao, hivyo hulazimika kukimbia juu ya maji kabla ya kupaa. Hukaa mbali na ufuko, mahali ambapo hakuna tete wala mti wa kumficha mtu. Ugumu wote wa uwindaji wa maji wazi unatokana na hapo: mwindaji anapaswa kutoweka mahali pasipo na kitu cha kujificha nyuma yake.

Anayesifika kuliko wote ni kanvasbaki (Aythya valisineria). Dume ana kichwa chekundu cha kahawia, kifua cheusi na mgongo mweupe wa kijivu unaofanana na turubai, na ndiyo asili ya jina lake la Kiingereza. Jina lake la kisayansi limetokana na mmea wa majini uitwao Vallisneria americana, ambao mizizi na machipukizi yake yalikuwa chakula chake kikuu katika Hori ya Chesapeake. Watu wa karne ya 19 waliamini kwamba mmea huo ndio uliofanya nyama yake iwe tamu kuliko ya bata mwingine yeyote, na imani hiyo nusura imuangamize.

Asili

Mwaka 1924 wanaakiolojia Llewellyn Loud na Mark Harrington walichimba katika pango la Lovelock huko Nevada, jimbo kame la magharibi mwa Marekani. Ndani ya shimo lililofunikwa walikuta bata bandia 11 waliosukwa kwa matete. Baadhi walikuwa wamefunikwa manyoya na kupakwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na umbo lao ni la kanvasbaki. Upimaji wa kaboni ulionyesha kwamba wana umri wa miaka 2,000 hivi. Wenyeji wa kale wa eneo hilo, ambalo wakati huo lilikuwa na ziwa na vinamasi, waliwahifadhi kwa uangalifu kama mtu anavyohifadhi zana anayotegemea kuitumia msimu ujao. Hawakurudi kuwachukua.

Walowezi kutoka Ulaya waliiga mbinu ya wenyeji lakini walitumia mbao. Bata bandia wa Chesapeake alichongwa kwa mti laini kama mwerezi au msonobari. Mwili na kichwa vilichongwa mbali mbali kisha vikaunganishwa. Chini yake uliwekwa uzito wa chuma au risasi ili asipinduke kwenye mawimbi, pamoja na kipete cha kufungia kamba ya nanga. Wachongaji walikuwa wavuvi, mafundi wa mashua na watu wa kazi nyingine za mji. R. Madison Mitchell wa mji wa Havre de Grace, mmoja wa wanaojulikana zaidi, aliendesha biashara ya mazishi. Ndugu Lem na Steve Ward wa Crisfield walikuwa vinyozi.

Asubuhi katika maji wazi

Kazi huanza jioni ya siku iliyotangulia kwa kusikiliza utabiri wa upepo. Upepo ukikosekana kabisa, maji huwa kama kioo, bata bandia husimama wima bila kutikisika na ndege huwatambua. Upepo wa wastani huwatikisa na kuwapa uhai. Upepo mkali huwafanya bata halisi wahangaike na kuruka sana, jambo zuri kwa uwindaji, lakini huinua mawimbi ambayo mashua ndogo haiyawezi. Siku inayofaa iko kati ya hali hizo, na mpaka wake ni mwembamba.

Mnamo Desemba jua la Chesapeake huchomoza baada ya saa 1 asubuhi. Sheria inaruhusu kufyatua risasi kuanzia nusu saa kabla ya macheo. Kwa kuwa kutandaza bata bandia huchukua saa moja au zaidi, mashua huondoka gatini kama saa 10 alfajiri, gizani, ikiwa imejaa magunia ya bata bandia, nanga na kamba. Ni wakati wa baridi kali. Maji yanayorukia kingo za mashua huganda.

Katika maji ya kina kirefu bata bandia hawafungwi nanga moja moja. Hutumika kamba ndefu yenye nanga nzito katika kila ncha, na bata hufungwa juu yake kwa vikamba vifupi, wakipishana mita moja au mbili. Mwendesha mashua huanzia upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, huangusha nanga ya kwanza na kuacha upepo uipeleke mashua polepole huku mwenzake akifunga bata mmoja baada ya mwingine. Kamba nne au tano zikilazwa sambamba hupatikana kundi la bata 60, 100 au zaidi. Idadi kubwa inahitajika kwa sababu kwenye maji wazi bata wapigambizi wenyewe hukusanyika kwa mamia, na kundi dogo halionekani kutoka mbali.

Umbo la kundi ndilo lenye ujuzi. Bata hutua wakiukabili upepo, kama ndege ya abiria inavyofanya. Kwa hiyo huja kutoka demani, upande unakoelekea upepo, na wakati huo lazima waone nafasi wazi ya kutua. Kundi hutandazwa likiwa limeshikana upande wa joshi, na katikati huachwa uwazi wa mita kadhaa. Kutoka kwenye kundi huchomoza mstari mmoja wa bata bandia unaoelekea demani kama mkia mrefu, wakati mwingine mita 50 na zaidi. Bata wapigambizi huruka chini karibu na maji. Wakikutana na mkia huo huufuata kama mtu afuataye uzio, hadi wanapofika kwenye uwazi mbele ya mwindaji. Bata bandia wa mwisho upande wa pembeni huwekwa takriban mita 35 kutoka alipo mtu mwenye bunduki. Ndiye kipimo chake: ndege aliye nje ya hapo hapigwi.

Halafu huja mashua ya kulalia. Ni chombo bapa, kifupi na chenye sitaha pana inayoteremka hadi kwenye maji, kilichopakwa rangi ya kijivu isiyong'aa. Hufungwa nanga mbele na nyuma ili kisizunguke. Mwindaji hulala chali ndani yake, kichwa upande wa joshi na miguu upande wa demani, macho yakiwa juu kidogo tu ya kingo. Kutoka angani huonekana kama kivuli cha wimbi katikati ya kundi. Mashua kubwa ya pili huondoka na kukaa mita mia kadhaa mbali. Watu wake hutazama kwa darubini, huokota ndege walioanguka, na kubadilishana zamu na aliyelala baada ya muda. Bila mashua hiyo ya pili aliyelala peke yake yuko hatarini, na wazoefu hawakubali kushuka kama haipo.

Katika maji ya kina kifupi yaliyo mbele ya mdomo wa mto Susquehanna kuna mbinu nyingine, ambayo huenda ni ya mateso kuliko zote. Wawindaji huvaa suti nene zisizopitisha maji na kusimama ndani ya maji hadi kifuani, wakijificha nyuma ya ubao mkubwa wenye umbo la bata bukini au bata-maji mweupe. Bunduki huning'inizwa kwenye ubao huo.

Kunapopambazuka huanza kusikika sauti kabla ya kuonekana ndege. Mabawa ya bata wapigambizi hutoa mvumo kama wa kitambaa kinachochanwa. Kundi la ndege watano au kumi hupita mbali, hugeuka, hushuka hadi karibu kugusa mawimbi na kuufuata mkia wa kundi bandia. Tangu waonekane hadi wafike hupita sekunde chache tu. Mwindaji huketi ghafla na kufyatua. Hapaswi kumlenga ndege alipo: marisawa, yaani vidonge vya chuma vinavyotawanyika kutoka kwenye mtutu, huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 30, na katika muda huo bata anayeruka kilomita 80 kwa saa amesonga zaidi ya mita 2. Kanvasbaki aliyebebwa na upepo hupita kilomita 100 kwa saa. Wanaoanza hupiga nyuma ya mkia, karibu kila mara.

Katika sekunde hizo hizo mwindaji anatakiwa kuwa ameshamtambua ndege. Idadi inayoruhusiwa kwa siku hutofautiana kwa spishi na wakati mwingine kwa jinsia. Jumla kwa kawaida ni bata 6, lakini kanvasbaki huwa mmoja au wawili, na kuna misimu, kwa mfano mwaka 2002 na 2008, ambapo hakuruhusiwa kabisa. Katika mwanga hafifu weupe wa mgongo na urefu wa kichwa kilichochongoka ndivyo alama za kutegemea. Asiyeweza kutofautisha hana budi kuacha ndege wapite.

Ndege aliyejeruhiwa ni tatizo kubwa katika maji wazi. Bata mpigambizi mwenye bawa lililovunjika huzama, huogelea chini na kuibuka mbali, akionyesha mdomo tu juu ya maji. Mashua ya pili hulazimika kumfukuza mara moja. Wengine hawapatikani, na hii ni moja ya hoja kuu za wanaopinga uwindaji huu.

Kabla ya mchana upepo huongezeka au ndege hutulia katikati ya hori. Hapo kamba huvutwa kwa mikono, bata bandia hufunguliwa mmoja mmoja wakiwa na barafu mgongoni, na vidole huwa havina hisia tena. Wawindaji wengi husema sehemu hii ndiyo bei halisi ya asubuhi yenyewe.

Mbwa

Katika maji yenye mawimbi mafupi mbwa bado hutumika kuokota ndege. Hori hii imetoa aina yake maalumu, mbwa wa kahawia mwenye manyoya mazito yenye mafuta yanayozuia maji kufika kwenye ngozi. Asili yake inahusishwa na watoto wawili wa mbwa waliookolewa mwaka 1807 katika meli ya Kiingereza iliyopata ajali pwani ya Maryland. Waliitwa Sailor na Canton. Mwaka 1964 aina hiyo ilitangazwa kuwa mbwa rasmi wa jimbo la Maryland.

Hatari

Anayeanguka katika maji yanayokaribia kuganda hafi kwanza kwa baridi ya mwili. Katika dakika ya kwanza ngozi iliyoshtuka humlazimisha kuvuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, na kichwa kikiwa chini ya maji pumzi hiyo ni maji. Katika dakika kumi hivi mikono na miguu hupoteza nguvu, hata muogeleaji hodari hawezi kushika kamba. Kupoteza fahamu kwa sababu ya kupoa mwili huja baadaye, mara nyingi karibu saa nzima. Maana yake ni kwamba jaketi la kuokolea maisha lina faida likiwa limevaliwa tayari. Lililohifadhiwa chini ya magunia ya bata bandia halimsaidii mtu yeyote.

Siku inayokumbukwa zaidi ni tarehe 11 Novemba 1940, siku ya mapumziko ya kuadhimisha mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Kulipopambazuka kwenye mto Mississippi wa juu, kati ya Minnesota na Wisconsin, hali ya hewa ilikuwa ya joto kwa majira yale. Wawindaji wengi walikwenda kwenye visiwa vya mtoni wakiwa na koti jepesi. Dhoruba ilipoanza kusogea, bata waliikimbia kwa maelfu na kushuka kila mahali palipo na bata bandia. Walioshuhudia walieleza kwamba hawakuwahi kuona ndege wengi kiasi hicho. Ndiyo sababu watu hawakuondoka: ishara ya hatari ilikuwa pia ndiyo bahati waliyoitafuta maisha yao yote. Kisha mvua ikageuka theluji, upepo ukafanya mawimbi ambayo mashua zao hazikuweza kuyavuka, na halijoto ikaporomoka. Waliokwama visiwani walipindua mashua kujikinga na kukimbia wakizunguka miti usiku kucha. Wengine waliganda wakiwa wamesimama majini.

Kesho yake rubani Max Conrad wa mji wa Winona aliruka na ndege yake ndogo katika upepo uliokuwa bado mkali, akawatafuta waliokuwa hai na kuwadondoshea makopo yenye chakula na viberiti. Kwa jumla dhoruba hiyo iliua watu wapatao 150 katika majimbo ya kati ya Marekani pamoja na mabaharia wa Ziwa Michigan. Sehemu kubwa ya waliokufa Minnesota walikuwa wawindaji wa bata.

Uwindaji wa soko na sheria

Katika karne ya 19 kanvasbaki wa Chesapeake alikuwa chakula cha kifahari katika hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York. Reli na barafu viliwezesha kusafirisha ndege kwa mapipa. Wawindaji wa soko walitumia bunduki za mashua, mitutu mirefu mizito isiyoweza kushikwa begani, iliyolazwa juu ya mtumbwi na kumwaga nusu kilo ya marisawa au zaidi kwa mara moja kwenye kundi lililolala usiku.

Kwa mchana walikuwa na chombo cha kutisha zaidi. Kilikuwa sanduku lenye umbo la jeneza, lililozamishwa mpaka kingo zake zikawa sawa na uso wa maji, na kuzungushiwa mabawa mapana ya mbao na turubai ili kuvunja mawimbi. Bata bandia wa chuma waliwekwa juu ya mabawa hayo kulizamisha kwa kipimo sahihi, na mamia ya wengine wa mbao walielea kuzunguka. Mwindaji aliyelala humo alikuwa chini ya usawa wa maji. Bata hawakuwa na nafasi ya kumwona. Bata hai waliofugwa na kufungwa kamba miguuni, wakiita wenzao, walikamilisha hila hiyo.

Kwa hiyo historia ya sheria za uwindaji huu ni historia ya kuipunguza nguvu mbinu iliyofanikiwa kupita kiasi. Mwaka 1900 sheria inayojulikana kwa jina la mbunge John Lacey ilizuia kusafirisha kati ya majimbo wanyama waliowindwa kinyume cha sheria. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, kuhusu ndege wahamaji, na sheria ya kuutekeleza ikapitishwa mwaka 1918. Biashara ya kuuza bata wa mwitu ilikoma kisheria. Jimbo la Missouri lilipinga kwamba ndege walio ndani ya mipaka yake ni mali yake, lakini Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1920 kwamba mkataba una nguvu.

Ukame wa miaka ya 1930 ulikausha mabwawa ya nyanda za Kanada na Dakota ambako bata wengi huzaliana, na idadi yao ikaanguka. Kanuni za mwaka 1935 zilipiga marufuku masanduku ya kuzamishwa, bata hai na chambo kwa pamoja, na bunduki zikawekewa kikomo cha katriji tatu. Mashua ya kulalia imebaki halali kwa tofauti ndogo lakini ya msingi: inaelea juu ya maji, wakati sanduku lilimweka mtu chini yake. Bata anayo nafasi, ingawa ni ndogo.

Mwaka 1934 ilianzishwa stempu ya bata. Kila mwindaji wa ndege wa maji mwenye umri wa miaka 16 au zaidi lazima ainunue. Ya kwanza iliuzwa dola 1 na ilichorwa na mchoraji katuni Jay Darling, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya serikali iliyosimamia wanyamapori; tangu 2015 bei yake ni dola 25. Karibu fedha zote hutumika kununua au kukodi ardhi oevu, na zaidi ya hekta milioni 2 zimehifadhiwa kwa njia hiyo. Wapinzani husema ndege wanalindwa ili wapigwe. Watetezi hujibu kwamba bwawa lililonunuliwa haliulizi ndege yupi atapigwa, na chura, korongo na samaki huishi humo humo.

Sumu ya risasi

Katika Kiswahili neno risasi ni jina la madini na pia la kitu kinachotoka kwenye bunduki. Kwa wawindaji wa bata maana zote mbili zilikuwa kitu kimoja kwa karne nyingi. Vidonge vilivyokosa ndege vilizama kwenye matope. Bata humeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, na hawezi kutofautisha kokoto na kidonge. Vidonge vichache vilitosha kumuua taratibu kwa kupooza mmeng'enyo na misuli. Mwaka 1959 mtafiti Frank Bellrose alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa maji wa Amerika ya Kaskazini walikufa hivyo kila mwaka. Tai waliokula mizoga nao walipata sumu.

Marisawa ya risasi yalipigwa marufuku kwa ndege wa maji kote Marekani mwaka 1991, baada ya mabishano makali. Chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo hupoteza kasi mapema; wawindaji walilalamika kwamba wangejeruhi ndege wengi zaidi. Suluhisho lilikuwa kutumia vidonge vikubwa zaidi na kuwaacha ndege wakaribie, jambo ambalo bata bandia waliotandazwa vizuri hulifanya vyema kuliko kitu kingine. Umoja wa Ulaya ulikataza marisawa ya risasi katika ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa maji wahamaji wa Afrika na Eurasia, ambao Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama, nao unataka matumizi hayo yakomeshwe. Kwa Afrika ya Mashariki si jambo la mbali: bata kama Anas acuta na Spatula querquedula wanaopita juu ya bunduki za Ulaya ndio wanaokuja kukaa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa wakati wa baridi ya kaskazini.

Hali ya hori na ya bata bandia

Sheria haikuweza kulinda chakula. Mbolea na udongo kutoka mashambani vilififisha maji ya Chesapeake, na mwaka 1972 mafuriko ya tufani Agnes yalifunika kwa matope sehemu kubwa ya mimea iliyobaki chini ya maji. Kanvasbaki walipungua mno katika hori. Waliobaki walibadili mlo na kula chaza wadogo. Tangu miaka ya 2000 mimea imerudi kwa kiasi katika maji ya kina kifupi mbele ya Susquehanna, lakini makundi ya zamani hayajarudi.

Sanamu zenyewe zimepata maisha mengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki iliwaondoa bata wa mbao majini, na vifaa vilivyokuwa vikitupwa stoo au kuchomwa kama kuni vikaanza kukusanywa. Mwaka 2007 bata bandia mmoja aliyechongwa na Elmer Crowell wa Massachusetts aliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1. Havre de Grace ina makumbusho yake ya bata bandia, yaliyojengwa kando ya maji yale yale ambako masanduku ya kuzamishwa yalitiwa nanga. Wakusanyaji hupendelea wale wenye rangi iliyochakaa na matundu ya marisawa ubavuni, yaliyotokana na mtu aliyepiga chini mno asubuhi fulani yenye baridi.